Bei ya Viatu vya Konde

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na cheti. Saa nimeitundika sebuleni. Inachelewa dakika tano, na hilo halinisumbui, maana nimestaafu na sasa nachelewa kwa raha zangu. Cheti kipo kabatini, chini ya mashuka ya wageni. Kimeandikwa kwa herufi za kupendeza kwamba mimi, Bi Mgeni, katika miaka yangu yote ya kukusanya bei kisiwani Pemba, sikuwahi hata mara moja kuingiza bei isiyo ya kweli. Wanangu hawaachi kuniuliza kwa nini sikitundiki. Jibu nimeona niwape nyinyi mliobaki ofisini, kwa sababu ndinyi mtakaoendelea na kazi hii, na kwa sababu wanangu hawajui kunyamaza.

Nilianza kazi zama bei za soko la Chake Chake zilipokuwa zikiandikwa kwa chaki kwenye ubao. Mvua ikinyesha bei zinafutika, watu wanarudi kuulizana. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Faki, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka rangi yake hakuna anayeikumbuka. Siku ya kwanza alinikabidhi vyombo vya kazi: daftari ndani ya mfuko wa nailoni, mizani ya kuning'iniza, kibaba cha bati cha kupimia mchele, na kalamu mbili. Ya pili, alisema, ni ya kuazimwa na wauza samaki na haitarudi. Kweli haikurudi.

Siku hiyohiyo akanituma nikaulize bei ya pweza. Nikaenda mbio, nikasimama mbele ya muuzaji, nikamwambia, "Pweza huyu bei gani?" Akanitazama kuanzia ushungi mpaka makubadhi, akanitajia bei. Nikaandika. Mzee Faki akasoma, akachukua kalamu, akaikata kwa mstari.

"Hii si bei ya pweza," akasema. "Hii bei ya adabu yako. Rudi kaulize tena."

Nikarudi. Nikatoa salamu, nikauliza hali, nikauliza watoto, nikauliza mamake aliyekuwa akisumbuliwa na mguu, nikamwombea shifaa. Tulipofika kwa pweza, bei ilikuwa imeshuka theluthi nzima.

"Miye siulizi bei, mwanangu," Mzee Faki akanambia. "Nauliza hali. Bei huja yenyewe."

Kilichonitesa mwanzoni ni fungu. Kwetu vitu vingi haviuzwi kwa kilo, vinauzwa kwa fungu: muhogo fungu, embe fungu, dagaa fungu. Fungu la Konde na fungu la Chake bei yake moja, ukubwa mbalimbali, na fungu la asubuhi si fungu la alasiri. Dawa ya Mzee Faki ilikuwa kununua fungu moja katika kila soko, kulipima, na kuandika uzito pembeni ya bei. Baada ya hapo ushahidi tukiula. Mwezi wa kwanza nilinenepa.

Jambo jingine alilonifunza lilinigharimu viatu. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, nami nikaona uvivu kwenda kuuliza bei ya nazi. Nikaandika ya jana. Sijui alijuaje, lakini alinishika mkono tukatoka kwenye mvua ileile, tukaenda sokoni tumelowa chapachapa, viatu vyangu vikabaki matopeni. Nazi ilikuwa bei ya jana vilevile. Nikadhani nimeokoka.

"Umeotea," akasema. "Kuotea si kazi. Na nikwambie, Mgeni, bei ya uongo haipotei. Huzunguka, ikazunguka, mwisho ikaja ikakugongea mlango kwako."

Nililicheka neno hilo moyoni, kwa kuwa nilikuwa kijana na mlango wangu ulikuwa wa pazia. Mzee Faki amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sikupata kumwambia kwamba sasa nimelielewa.

Miaka ikaenda. Ubao ukafuata chaki yake, bei zikawa zinatumwa kwa ujumbe wa simu, kisha akaja Nassor. Alikuja kutoka Unguja, fundi wa programu, kijana msafi mwenye kompyuta mbili, na akifungua mdomo tu soko zima linajua kashuka boti jana. Yeye ndiye aliyetuletea Mjumbe.

Nyinyi mnamjua Mjumbe, lakini watakaokuja baadaye huenda wakakuta kitu kingine, basi nieleze. Ni programu inayokaa ndani ya simu ya mteja. Unamtajia haja yako, kwa kuandika au kwa mdomo: nataka unga wa ngano kilo tano, miye niko Msuka. Yeye anazunguka maduka yote yaliyojiandikisha, anauliza, analinganisha, anajumlisha nauli ya kwenda na kurudi, kisha anakurudia na jibu la wapi ununue. Baadaye kila duka nalo likapewa mjumbe wake wa kujibu. Wanaulizana wao kwa wao, wewe unaendelea kukuna nazi yako.

Mwanzoni wenye maduka walijibu kwa mikono yao, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bwana Seif, mwenye duka la nguo na viatu Konde, hakujibu swali hata moja kwa wiki nzima. Nikapanda gari ya Konde kwenda kumwuliza kulikoni.

"Bi Mgeni," akasema, "kitu kinaningilia simuni asubuhi, hodi hapana, salamu hapana, kinanambia 'viatu bei gani'. Miye nkijibu kitu kama hicho? Nimelelewa miye!"

Nikarudi nikamsimulia Nassor kisa cha bei ya pweza. Akacheka, lakini akamfunza Mjumbe kutoa salamu. Bwana Seif akafurahi. Akaitikia salamu, akauliza hali, akamwuliza Mjumbe watoto wake hawajambo. Mjumbe, kwa kuwa hakufunzwa, akanyamaza. Bwana Seif akahuzunika zaidi kuliko mwanzo, akidhani ameuliza penye msiba.

Nassor si mtu wa kufanya jambo nusu. Akamfunza Mjumbe salamu zote: za asubuhi, za jioni, za wazee, za watoto, za mifugo, za afya, na alhamdulillahi ya kufungia. Kisha wajumbe wa maduka nao akawafunza adabu ileile. Jumatatu ya kwanza wajumbe wa pande mbili wakakutana, na kila mmoja akaona aibu kuwa wa kwanza kuacha kuuliza hali. Huyu akiuliza wazee, yule anauliza mifugo. Huyu akishukuru, yule anashukuru zaidi. Mama mmoja wa Msuka aliyeuliza bei ya unga baada ya sala ya alfajiri alipata jibu alasiri. Siku hiyo wanawe walikula ndizi, naye alinipigia simu kunieleza hivyo kwa kirefu.

Nassor akataka kufuta salamu zote. Nikamkatalia. Nilimwambia watu wa kisiwa hiki watasamehe bei mbaya, lakini ukosefu wa adabu watausimulia mpaka kwa wajukuu. Tukapatana salamu tatu, kama sisi wenyewe tukiwa na haraka. Na wateja waliponung'unika kwamba duka linasalimiwa na wao wanaachwa, tukaamua Mjumbe amsalimu na mteja pia, mara tatu, kwa sauti, kabla ya kutoa jibu. Salamu hizo tatu ndizo zilizokuja kuniokoa, au kunipoteza, sijaamua bado.

Kazi yangu ikabaki kuwa miguu ya Mjumbe. Mwenye duka anaweza kutangaza bei yake, lakini mtu lazima aende akaone kama bei ya simuni ndiyo iliyopo dukani. Simu yangu ilipewa ruhusa ya kurekebisha bei ya duka lolote. Ili ruhusa hiyo isichezewe, nilimwomba Nassor aweke swali kabla bei haijaingia: "Umeiona bei hii kwa macho yako?" Ukibonyeza Ndiyo, inaingia. Ukibonyeza Hapana, inakwambia nenda kaione. Niliona fahari kubwa. Nilihisi nimemweka Mzee Faki ndani ya simu.

Mwisho wa yote likaja lile la picha. Unaipiga picha bidhaa, Mjumbe anaitambua, anakwambia inauzwa wapi na kwa bei gani. Mkutanoni mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote, nikanywa na soda mbili. Hakuna aliyefikiria begi la harusi, na mimi ndiye mwanamke pekee niliyekuwamo mle ndani, kwa hiyo lawama ni yangu.

Sasa nije kwa Juma. Juma ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki, Juma alikuwa bado anatolewa miba miguuni, na mimi shangazi yake ndiye niliyemlea. Ni kijana wa maneno machache na kazi nyingi. Alimpenda Salma wa Vitongoji, na Salma alimpenda. Upande wa Salma hawakukataa, lakini hawakukubali kwa moyo mweupe. Mama yake mdogo, Bi Tatu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alisema waziwazi kwamba mchuma karafuu hana uwezo wa kumtunza mtoto wao, na kwamba begi litasema.

Mnajua begi lilivyo kwetu. Bwana harusi anajaza begi vitu vya bibi harusi, wanawake wa upande wake wanalipeleka, na wanawake wa upande wa pili wanalifungua mbele ya watu, kitu kimoja kimoja, kinainuliwa juu, kinapigiwa vigelegele. Begi likiwa dhaifu hakuna anayesema neno, lakini vigelegele vinakuwa vifupi, na ufupi huo unaweza kumfuata mwanamume maisha yake yote.

Juma alinikabidhi pesa za misimu miwili ya kuchuma karafuu. Hazikuwa nyingi. Nikasema moyoni, kama elimu yangu haikumfaa mtoto wa kaka yangu leo, itamfaa nani? Nikamtuma Mjumbe, na mimi mwenyewe nikamfuata nyuma kwa miguu. Kanga za Wete, udi wa Chake, manukato kwa mwenye duka aliyekuwa anahama. Na kwa Bwana Seif, Konde, nikakuta seti ya viatu na mkoba, rangi ya dhahabu, vinameta hata kivulini. Vilikaa dukani miaka, hakuna aliyevinunua. Bwana Seif alikuwa anataka nafasi kwenye rafu.

"Nipe elfu ishirini uniondoshee," akasema. "Vinantia uvivu kuvifuta vumbi."

Begi lilipofungwa, lilikuwa begi la mtu tajiri. Juma alilitazama, akanitazama, akaubusu mkono wangu. Nami nililia kidogo, nikasingizia udi.

Siku ya kulifungua, chumba cha kina Salma Vitongoji kilijaa mpaka watoto wakakalia miguu ya bibi zao. Bi Tatu ndiye aliyefungua. Akainua kanga, vigelegele. Akainua udi, vigelegele. Akainua viatu vya dhahabu na mkoba wake, na mle ndani kukawa na kelele mpaka mbuzi nje wakaitika. Nilikaa wima. Nilikuwa namwona kaka yangu akicheka.

Bi Tatu akashusha viatu, akavigeuza, akatazama soli.

"Vizuri," akasema. "Hebu n'vipige picha tumwulize Mjumbe. Tujue mwanetu kathaminiwa vipi."

Bei ya viatu vile niliiingiza mimi mwenyewe, kwa usahihi, siku niliyovinunua: elfu ishirini. Hapo Konde nzima ilikuwa inajua, Pemba nzima inaweza kujua, na sasa Mjumbe angeisema mbele ya bibi harusi, mama yake na mtaa mzima, kwa sauti ile nzuri tuliyomchagulia ofisini. Hakuna ambaye angesema, lo, shangazi huyu hodari wa kununua. Wangesema Juma kamthamini binti yetu viatu vya elfu ishirini. Ile harusi isingevunjika siku ile, lakini Juma angeishi kwa wakweze ameinamisha kichwa, na hilo sikuweza kulivumilia.

Nikanyanyuka, nikaomba kwenda chooni. Nyuma yangu nikasikia Mjumbe anaanza.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam!" chumba kizima kikaitika, kwa kuwa wanawake wa Vitongoji wamelelewa.

Nimeshafika mlangoni pa choo. Natafuta ukurasa wa duka la Bwana Seif.

"Hamjambo nyote?"

"Hatujambo, alhamdulillahi!"

Nimeiona bei. Nimefuta elfu ishirini. Nimeandika elfu themanini, kwa nini themanini hata leo sijui. Likatokea lile swali langu, kwa herufi kubwa: Umeiona bei hii kwa macho yako?

"Na wazee wanaendeleaje?" akauliza Mjumbe.

Hiyo ndiyo salamu ya tatu na ya mwisho. Nilijuta kuzipunguza. Nilimkumbuka Mzee Faki amelowa mvua, nikamkumbuka Juma juu ya mkarafuu. Nikabonyeza Ndiyo.

"Wazima, tunamshukuru Mungu!"

"Seti hii inauzwa Konde, dukani kwa Bwana Seif, shilingi elfu themanini. Sikupata duka lenye bei nafuu zaidi."

Kisha nikasikia vigelegele ambavyo sijapata kuvisikia tena, na sauti ya Bi Tatu ikivipita vyote: "Themanini! Miguuni tu! Yakhe, huyu mchuma karafuu au mwenye mashamba?" Mamake Salma alikuwa analia. Nikanawa uso, nikarudi, nikakaa. Bi Tatu akanipisha mto wake.

Nilikusudia kuirudisha bei asubuhi ya pili, kabla haijamdhuru mtu. Lakini swali ni langu na sikutaka kulidanganya mara mbili. Nikaona lazima kwanza niende Konde nikaione elfu ishirini kwa macho yangu, ndipo niiandike. Nikafika saa tatu. Bwana Seif alinipokea kwa mikono miwili.

"Bi Mgeni, nyinyi watu wa ofisi mmejuaje?"

"Tumejua nini?"

"Kuwa viatu vimepanda! Miye mwenye duka n'likuwa sijajua. Nimefungua simu alfajiri, nimekuta themanini. Nikasema, ofisi haikosei, yule Bi Mgeni haandiki asichokiona. N'kashuka stoo n'katoa maboksi yote."

Kweli yalikuwepo mezani, seti sita, kila moja na karatasi yake: elfu themanini. Wakati nimesimama pale wakaingia wanawake wawili kutoka Vitongoji wanataka "kama ya Salma". Wakalipa bila kuuliza hata hali. Nikatoa simu. Umeiona bei hii kwa macho yako? Nimeiona, na mashahidi wawili. Sikuwa na cha kurekebisha. Kufika alasiri wajumbe wa maduka ya Wete na Chake walikwishaona, nao seti zilizolala stoo wakazitangaza kwa themanini.

Kwa hiyo uongo wangu uliishi tangu alasiri mpaka asubuhi, halafu ukawa kweli, na kweli hiyo haijashuka mpaka leo. Kama umeoa Pemba karibuni na ukajiuliza kwa nini viatu vile vina bei ya godoro, aliyekufanyia ni mimi. Naomba radhi. Juma na Salma wana mtoto wa kike, ana mashavu ya kaka yangu, na nikimshika radhi hiyo inanipungua kidogo, siwezi kuficha.

Nassor sikumwambia. Siku ya kuniaga alisoma cheti kwa sauti, akakohoa katikati kwa uchungu wa kuniaga, na mimi nikatazama sahani yangu ya sambusa. Mngenitazama usoni, mngemwona mwizi.

Kilichonikalisha leo kuandika ni hiki. Mwanangu wa mwisho, Hamadi, amechumbia. Watu wa upande wa pili ni waungwana, wametuma maneno kwamba hawataki makubwa, mtoto wao anaomba kitu kimoja tu: ile seti ya Konde, kama ya Salma. Nimezunguka kisiwa kizima. Nimeuliza hali za watu, za watoto, za miguu ya mama zao. Bei ni moja kila mahali. Mwisho nikaenda kwa Bwana Seif, nikamwomba kwa uzee wangu anipunguzie.

"Kwa weye, Bi Mgeni?" akasema, na machozi ya heshima yakamlenga. "Nikupunguzie bei uliyoiweka weye mwenyewe? N'takuvunjia heshima miye!"

Nikatoa elfu themanini za kiinua mgongo changu. Nimerudi nyumbani na seti kwenye boksi, na nilipofika nimejifungulia mlango mwenyewe, nikaiingiza ndani bei yangu. Ijumaa begi linafunguliwa. Nasikia upande wao wana shangazi mwenye simu mpya. Akimwuliza Mjumbe, atasalimia mara tatu, kisha atasema kweli tupu, na mimi sitanyanyuka kwenda chooni.